Habari za Puge na Njia ya Misafara: Yatupasa Kuziandika

(Hotuba ya karani mmoja mbele ya wazee, walimu na wanavijiji wa Puge)



Jambo nililo nalo ni moja, nami nalitaja tangu mwanzo ili kila mtu alipime wakati nisemapo. Habari za nchi yetu hii hatujaziandika sisi wenyewe, na wale wazijuao wanapungua kila masika. Tusipoziandika sasa, hapana atakayeweza kuziandika baadaye, hata awe msomi wa namna gani.

Najua wako watakaouliza: Puge ina habari gani hata ziandikwe? Mji wenye habari ni Tabora, wenye boma la Wadachi, na jirani yake Kwihara, penye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Puge ni mahali pa kupita tu, mtu aendapo Nzega au arudipo Tabora. Swali hilo ni la haki, na mtu akiuliza kwa haki hujibiwa kwa haki.

Kwanza, tutazame mahali tulipo. Puge iko katika Wilaya ya Nzega, karibu na nusu ya njia baina ya Nzega na Tabora. Hata barabara ya lami ilipojengwa, kazi iligawanywa hapa: kipande kimoja Nzega mpaka Puge, na kipande cha pili Puge mpaka Tabora. Wahandisi hawakupachagua mahali hapa kwa kupenda jina lake. Ni mahali pa kukatia safari, na palikuwa hivyo kabla ya lami. Basi kweli sisi ni watu wa mahali pa kupita. Lakini nawaomba mfikiri: zamani za misafara, kupita kulikuwa kazi, na mahali pa kupita palikuwa mahali pa kazi kubwa.

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, ikaendelea mpaka Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Tabora ilikuwa njia panda. Kutoka hapo tawi moja lilielekea kaskazini, likapita katika nchi hizi za Nzega kwenda Ziwa Nyanza, na kutoka huko watu walifika Karagwe na Buganda. Katika mwaka 1858 Mwingereza John Speke alitoka Tabora, iliyoitwa Kaze siku zile, tarehe 9 Julai, akaenda kaskazini kwa miguu, akaliona Ziwa tarehe 3 Agosti. Njiani alikaribishwa na mtemi mwanamke wa Unyambewa. Habari hiyo imo kitabuni mwake, na wajukuu wa Ulaya huisoma mpaka leo. Wajukuu wetu sisi wangapi wajua ya kuwa katika Unyamwezi mwanamke aliweza kuwa mtemi, na mgeni akamwendea kwa heshima?

Tena, yatupasa kukumbuka ni nani waliofungua njia hiyo. Wengi hudhani ya kuwa Waarabu walikuja kwanza, na Wanyamwezi wakawafuata nyuma kama wapagazi wao. Sivyo. Tangu karibu na mwaka 1800 Wanyamwezi wenyewe walikuwa wakichukua pembe za ndovu na majembe ya chuma, wakashuka mpaka pwani, wakarudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Wafanyabiashara wa pwani walipopanda kuja bara walifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na miguu ya babu zetu. Na hata baadaye, misafara ya wageni ilipokuwa mingi, wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru, waliopatana ujira kabla ya kuinua mzigo. Mpagazi akiona amedhulumiwa, huweka mzigo chini akaenda zake. Na wasafiri wengi wa Ulaya wameandika kwa hasira jinsi walivyoachwa hivyo porini.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, mbali na mkeka wa mtu, chungu chake na chakula chake. Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hata kufika Kaze, tarehe 7 Novemba 1857. Mwenye kuchukua pembe aliheshimiwa kupita mwenye kuchukua nguo, na wengine hufunga kengele kwenye ncha ya pembe, isikike inapotembea. Wake nao walisafiri pamoja na waume zao, wakachukua vyombo, wakapika kambini. Nasi tukitaka kuona alama ya safari zile tusitafute mawe tu. Utani wetu na Wagogo na Wazaramo ni alama, maana wazee husema ulitokana na kukutana njiani, kugombana, kupatana na kuzikana. Neno ikulu ni alama. Babu zetu waliita hivyo makao ya mtemi, na leo Waswahili wote huita hivyo nyumba ya Rais.

Sasa nalirudia lile neno la kupita. Msafara hula. Desturi ya posho ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku moja. Nami, kwa kuwa ni karani, nimefanya hesabu. Msafara wa watu 500, na ilikuwapo mikubwa kuliko huo, ulitaka vibaba 500 kila siku. Pishi moja ni vibaba vinne, basi ni pishi 125 za mtama au uwele kwa kambi moja ya usiku mmoja. Ukipumzika siku tatu, ni pishi 375. Nafaka hiyo haikutoka Unguja. Ililimwa katika mashamba ya vijiji vilivyo kando ya njia, ikapurwa, ikatwangwa na kusagwa kwa mikono ya wanawake, ikauzwa kwa nguo na shanga. Kadhalika maji: msafara hulala penye maji, nao hufuata kisima kijulikanacho. Kwa hiyo msiseme ya kuwa vijiji vidogo viliitazama biashara ile ikipita. Vijiji vidogo ndivyo vilivyoilisha.

Na mwisho wa pembe hizo ulikuwa wapi? Jambo hili nataka walimu walishike, lipate kuwafaa darasani. Pembe nyingi zilizotoka Unguja zilikwenda Marekani. Katika jimbo la Connecticut kiko kijiji kidogo kiitwacho Ivoryton, maana yake Mji wa Pembe. Viwanda vyake, pamoja na vya jirani yake, Deep River, vilikata pembe za ndovu kuwa vipande vyembamba vya kubandika juu ya vibao vya kinanda cha piano, mahali mpigaji awekapo vidole. Na nguo nyeupe iliyorudi huku kulipia pembe, babu zetu waliiita merikani kwa kuwa ilitoka huko huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts. Wafanyabiashara wa mji wa Salem waliileta Unguja, na mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mapatano ya biashara na nchi ile.

Basi tazameni. Kijiji kidogo cha ng'ambo, pengine kisichopita mji wetu kwa ukubwa, kimelihifadhi jina lililotokana na mizigo iliyobebwa na Wanyamwezi. Watu wake hawakusema, Sisi tu wadogo, hatuna habari. Walilitia jina la kazi yao juu ya kijiji chao, na mgeni akiuliza sababu hujibiwa. Je, sisi tulioinua mzigo ule upande wa huku, tuna jibu gani tukiulizwa?

Sasa nataka kueleza jinsi habari hizo zinavyopotea, maana hazipotei siku moja. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliotaka miezi mitatu ukaenda kwa siku chache, na kazi ya upagazi ikafa. Vijana walioijua safari wakashika njia nyingine, wakaenda Tanga na kwingineko kukata mkonge. Reli ya Mwanza ilipofunguliwa mwaka 1928 ilipita Bukene na Shinyanga, na vijiji ambavyo haikuvigusa vikabaki kando. Mwaka 1963 kazi ya utemi ilikomeshwa kwa sheria, na mambo yaliyokuwa yakisimuliwa barazani kwa mtemi, kama vile mipaka, hukumu za zamani na nasaba, yakakosa baraza lake. Kisha katika miaka ya 1970 watu walihamishwa kutoka miji yao iliyotawanyika, wakakaa pamoja katika vijiji. Huduma zilikaribia, jambo hilo ni kweli. Lakini makaburi ya babu, visima vya zamani na miti ya matambiko vilibaki mahameni, na mtoto aliyezaliwa kijijini hakuoneshwa.

Mzee mwenye umri wa miaka 90 leo alizaliwa zamani za Waingereza. Babu yake aliweza kuwa mpagazi kabla ya reli. Huenda aliketi karibu naye motoni, akasikia majina ya makambi na nyimbo za njiani kwa kinywa cha mtu aliyetembea. Baina yetu na misafara basi imebaki hatua moja, nayo ni mzee huyo. Akifa, kinachobaki ni vitabu vya wageni.

Wala sivitukani vitabu hivyo. Burton, Speke na Stanley waliandika waliyoyaona. Tippu Tip naye aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na kwa sababu hiyo twasikia sauti yake mwenyewe. Maofisa wa Kiingereza nao, tangu miaka ya 1920, waliandika habari za watemi katika vitabu vya wilaya, kama walivyoambiwa na wazee. Lakini vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, kwa haja za serikali ya wakati ule, wala haviwekwi mahali ambapo mtoto wa Puge atavifungua. Yaliyomo ni kodi, mipaka na urithi wa utemi. Mama aliyetwanga zile pishi 125 hamo. Waswahili husema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nasema ya kuwa habari nazo ni mali.

Nimefika mahali pagumu. Katika habari za njia ile imo habari ya utumwa. Watu waliotekwa Manyema na kwingineko walipitishwa katika nchi hii wakiwa wamefungwa. Wengine hawakufika pwani. Walibaki Unyamwezi, kwa kuwa watu wetu wenyewe, waliopata mali kwa pembe na upagazi, waliwanunua wawalimie mashamba wakati vijana wako safarini. Utumwa katika Tanganyika ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922 tu. Najua ya kuwa neno hili haliwapendezi wengi. Wazee wawili watatu nilipowauliza walinyamaza, na kunyamaza kwao nakuheshimu, maana nyumba nyingi zimechanganyika, watu wameoana, na hapana aliye tayari kuona jirani akinyoshewa kidole.

Lakini tufanyeje? Tukiandika ushujaa wa wapagazi tu, tukaacha minyororo, tutakuwa tumewadanganya watoto, nao watakapoyasoma kwingine hawatatuamini hata katika yale ya kweli. Shauri langu ni hili. Tuandike jambo lenyewe wazi: lilikuwapo, lilifanywa hivi, watu walitoka pande hizi, walifanya kazi hizi, waliwekwa huru hivi. Tusiandike jina la ukoo wa mtu aliye hai kwa jambo hilo bila idhini ya ukoo wenyewe. Aibu ya utumwa ni ya aliyeuza na aliyenunua. Aliyeuzwa hana aibu, na mjukuu wake ana haki katika nchi hii sawa na mjukuu wa mtemi. Mkutano ukubali neno hilo kwanza, kabla ya daftari kufunguliwa, ili pasiwe na mtu wa kuogopa kusema.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana hotuba isiyo na kazi ni kelele.

Kwanza, kila kijiji kiwe na daftari moja kubwa lenye jalada gumu, nalo lisiwe la mtu binafsi. Liandikwe nakala mbili: moja ikae ofisi ya kijiji, na ya pili shuleni. Moto au mchwa wakila moja, nyingine itabaki.

Pili, tuanze na mahali, maana mahali hakupotoshi kama mtu. Vijana watembee na mzee, waandike jina la kila kisima, kijito, kilima, mti mkubwa na hame, na sababu ya jina hilo. Makaburi yaandikwe yalipo, wala yasifukuliwe.

Tatu, mwenye kuuliza asimtie mzee maneno kinywani. Aulize, Ulisikia nini? Asiulize, Je, si kweli ya kuwa Mirambo alipita hapa? Mzee mpole ataitikia kwa adabu tu, na uongo utaingia daftarini. Aandike kama ilivyosemwa, kwa Kinyamwezi ikiwa imesemwa kwa Kinyamwezi, kisha atie Kiswahili chini yake. Aandike jina la msemaji akikubali, na aeleze kama jambo aliliona mwenyewe, au aliambiwa na nani. Wazee wawili wakitofautiana, yaandikwe maneno ya wote wawili. Si kazi ya kijana kuwaamua.

Nne, wanawake waulizwe na wanawake. Habari za chakula, ndoa, uzazi, dawa na nyimbo za kutwanga haziko kwa wanaume, na kama ziko ni nusu.

Tano, vitu. Nyumbani mwetu mna majembe ya zamani, ushanga, bangili za shaba, ngoma, vigoda na mikuki. Wako watu wapitao vijijini wakinunua vitu hivyo kwa bei ya sukari. Vitu viandikwe vilivyo na mwenyewe ni nani, wala visiuzwe ovyo. Tena ijulikane ya kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vya kale. Mtu akivumbua kitu cha namna hiyo alimapo au achimbapo msingi, ampelekee habari mkuu wa serikali aliye karibu.

Labda mtu atasema, Karani huyu atutakia kazi isiyo na malipo. Je, watalii watakuja Puge? Sitawaahidi watalii. Mwaka 2006 nchi yetu iliitia njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya mahali panapopendekezwa kwa UNESCO kuwa urithi wa dunia, na Kwihara imo. Ikitokea heri kwa njia hiyo, vema. Lakini faida ninayoiona mimi iko karibu zaidi. Misafara ililala penye maji yasiyokauka. Mwaka wa ukame, mtu ajuaye kisima cha zamani cha kambi anajua mahali pa kuchimba kwanza. Mashauri mengi ya mashamba huja mbele ya mabaraza bila shahidi, kwa kuwa aliyejua mpaka amekwisha kufa. Na mtoto ajuaye ya kuwa watu wake walihesabu siku 134 za njia kwa miguu, wakapatana ujira na mataifa, wakalisha misafara kwa jembe la mkono, huyo mtoto hataona haya kusema mjini ya kuwa kwao ni Puge.

Walimu, kwenu nasema neno la pekee. Darasa moja la watoto 40, kila mtoto akimwuliza bibi au babu swali moja kwa juma, hupata majibu 40 kwa juma. Hapana ofisi yenye makarani wengi namna hiyo. Kwa mwaka mmoja wa masomo mtakuwa na kitabu.

Nanyi wazee, msiseme, Watoto wa siku hizi hawataki kusikia. Waiteni. Waambieni hata yale mnayoyaona madogo: namna mzigo ulivyofungwa, chakula kilichochukuliwa njiani, wimbo ulioimbwa asubuhi kambi ilipovunjwa. Madogo hayo ndiyo ambayo hayamo katika kitabu cho chote.

Naomba basi mkutano huu, kabla haujatawanyika, uchague watu watano kwa kila kijiji, wawili wakiwa wanawake na mmoja akiwa mwalimu, ili kazi ianze kabla mvua hazijawapeleka watu mashambani. Daftari la kwanza nitalitoa mimi. Kalamu mtatafuta ninyi.

Nimekwisha sema.